Raha ya Mkono Wangu

Mimi napenda kupiga. Nalisema mapema ili asiwepo mtu wa kunihurumia halafu ajute. Wengine hupiga kwa sababu wamelewa, wengine kwa sababu wametukanwa, na wakimaliza huona haya. Mimi nilipompiga yule mvuvi pale mwaloni Rumonge, wavuvi wanaposhusha samaki, mwaka wa pili wa ndoa yangu, sikuwa nimelewa, wala hakuwa amenitukana vya kutosha. Alisema tu kwamba ndagala, yaani dagaa, nilizokuwa nauza zina mchanga. Nilimpiga ngumi ya taya, nikalisikia taya linavunjika chini ya vidole vyangu, na mwili mzima ukanilegea kwa utamu. Waliponikamata nilikuwa nacheka.

Jela nilikaa miezi minane. Sitasimulia ya jela. Waliokwenda wanayajua, na wasiokwenda wasiyatafute. Nilipotoka, mke wangu Riziki alinipikia, akaningoja nishibe, kisha akakaa mbele yangu, mtoto wetu Mariam mgongoni.

"Baba Mariam, sikiliza muzuri. Mutu akikuvamia, jikinge. Ukikosea, tutaenda kuomba musamaha pamoja, na mimi nitapiga magoti pembeni yako. Lakini siku utamupiga mutu sababu mukono wako unasikia raha, mimi nabeba mutoto narudi kwetu Uvira. Na usinifuate."

"Nimesikia, Mama Mariam."

Riziki si mtu wa kusema jambo mara mbili. Nilimpenda, na bado nampenda, hilo nalo mlijue. Kwa ajili yake niliuacha mwalo na vishawishi vyake vyote, nikaenda kuomba kazi kwenye kinu cha mawese upande wa Gatete.

Kinu chetu si mtambo wa kujivunia. Ni pipa la chuma lenye matundu, parafujo nene katikati, na juu yake nondo ndefu. Watu wawili huishika nondo, mmoja huku na mmoja kule, wakazunguka na kuzunguka mpaka chikichi zilizochemshwa ziteme mafuta. Desturi yetu ni kwamba mwenye mikungu, hata awe mkubwa namna gani, siku yake ikifika hushika nondo upande wa pili akazunguka na mfanyakazi. Asipotaka, arudi na chikichi zake nyumbani. Ndivyo nilivyofahamiana na Leonidasi.

Leonidasi alikuwa akifundisha filozofia kwenye lise, shule moja ya sekondari ya mjini. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi mtu mzima na Kiswahili cha kule, kimenyooka mpaka sisi watu wa Rumonge tulikuwa tukimcheka kwamba anaongea kama redio. Mimi nilidhani mwanafilozofia ni mtu wa kufunga na kununa. Huyu alizungusha nondo huku jasho linamtiririka, akinisimulia mukeke, samaki wa ziwa letu, aliyemla jana.

"Ile ngozi yake, Asmani. Ikikaukia kidogo kwenye makaa, ukakamulia ndimu, ukatupia kitunguu kibichi. Nakuambia nilinyamaza kabisa."

"Profeseri, mimi nilifikiri watu wa filozofia hawapendaki tumbo."

"Wapo wasiolipenda. Nawaheshimu, ila siwaamini. Mtu akiniambia amezishinda raha zote, mimi namuuliza ni ipi aliyoificha." Akavuta pumzi, tukapita upande wa kivuli. "Raha ni kama mgeni, bwana. Mfungulie, mpe sahani yake, ale, aondoke. Ukimfungia mlango atavunja dirisha."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafundisho yake, na aliyaishi. Kila Jumamosi alikwenda kwa Marcelina, mama mmoja anayechoma samaki karibu na maji. Alikula mukeke mmoja, akanywa bia moja, akaogelea, akarudi nyumbani kusahihisha madaftari. Sikumwona hata siku moja akiagiza bia ya pili, na sikumwona akijisifu kwamba hakuiagiza. Nilimwonea wivu. Kumbe mtu anaweza kufurahi halafu akaacha, hivihivi tu, kama anayefunga bomba.

Siku moja, mzigo wake ukiwa karibu kwisha, nikamuuliza, "Na raha yangu mimi, Profeseri? Nayo nimupe sahani?"

"Yako ni ipi?"

Nikamwambia. Sikupunguza kitu. Nilimweleza taya, sauti yake, ule utamu. Nondo ikasimama. Nilingoja anihubirie, maana imamu alishanihubiria, na mkuu wa jela, na mama mkwe. Leonidasi akasema atafikiri.

Wiki iliyofuata alikuja na gunia. Tulilijaza makapi ya chikichi, yale magumu yanayobaki baada ya kukamua, tukalining'iniza nyuma ya kinu. "Sahani yako hii," akasema. "Kila siku baada ya kazi, piga mpaka utosheke. Kisha nenda nyumbani kwa mkeo."

Nilipiga. Wallahi nilipiga mpaka vifundo vikachubuka, gunia likapasuka, tukalishona, likapasuka tena. Lakini gunia halilii. Gunia halikuangalii kwa macho ya kuomba. Nilikuwa nikitoka pale na mikono inayouma na njaa ileile, kama mtu aliyetafuna kitambaa. Leonidasi alipouliza nilimjibu kwamba inanisaidia sana. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa nzuri kuitazama, basi nikaendelea kudanganya. Riziki naye aliniona narudi nimechoka na mpole, akaanza kuimba tena akipika.

Kosa la Leonidasi lilianzia hapo. Aliamini nimepona, akanipa kulinda michikichi yake Kigwena.

Shamba lile lilikuwa la baba yake kabla ya kukimbia. Walipokuwa uhamishoni lilipewa watu wengine, na Leonidasi aliporudi wakuu wakaligawa katikati: nusu yake, nusu ya Nduwimana, ambaye alizaliwa palepale na hakuwa amemnyang'anya mtu kitu. Kwingine watu wamekatana mapanga kwa mgawo wa namna hiyo. Hawa wawili walisalimiana. Lakini wezi wa mikungu walikuwa wengi msimu ule, na mlinzi alihitajika.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Mwenye shamba akimruhusu mtu akate kwenye michikichi yake, humfundisha fundo lake. Aliyeruhusiwa huchuma ukuti mbichi, akaufunga kwenye shina usawa wa kifua kabla ya kupanda. Kila mwenye shamba ana fundo lake, na halionyeshi ovyo. La Leonidasi lilikuwa la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani. Mlinzi akiliona, anapita. Asipoliona, aliyeko juu ni mwizi, na akimwumiza hakuna atakayemlaumu. Ukipanda bila kufunga fundo umejitakia.

Ijumaa ile nilitoka msikitini nikaenda Kigwena. Mvua ilikuwa imekatika. Nikasikia panga linagonga juu ya mchikichi, upande wa Leonidasi, na mkono wangu ukasikia kabla ya sikio langu. Nilikimbia kwa vidole vya miguu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa najiambia: mwizi, Asmani, mwizi wa halali kabisa.

Nikafika kwenye shina, na fundo lilikuwepo.

Ukuti mbichi, umezungushwa mara mbili, ncha imerudi ndani. Limefungwa vizuri kuliko hata Leonidasi mwenyewe anavyolifunga. Nikainua macho nikaona nyayo za Nduwimana, nikazitambua, maana mguu wake wa kushoto una kidole kilichokatika. Nilisimama pale muda wa mtu kusema bismillahi na kumaliza. Hakuna kilichonichanganya. Ningeweza kumsalimu. Badala yake nililikata lile fundo kwa ukucha, nikalitia mfukoni, nikamngoja ashuke.

Alipofika usawa wa kichwa changu nilimshika mguu nikamvuta. Alianguka kwa mgongo, pumzi zikamtoka zote, na panga likarukia majanini. Nikamkalia kifuani. "Asmani," akasema, "ni mimi, Profeseri amenipa." Nikampiga ya mdomo. Meno mawili yalitoka. Moja lilinikwama kwenye kifundo. Akasema tena, kwa damu sasa, "Amenipa, amenipa," na kila aliposema nilipiga, si ili anyamaze, bali kwa sababu sauti yake ilikuwa inaongeza. Nilipiga pua ikalala upande. Nilipiga jicho. Akajaribu kujikinga kwa mikono, nikaiondoa mmoja mmoja, taratibu, kama unavyomenya ndizi. Taya lilipovunjika nililisikia, na ule utamu ukaja wote, ulionikosesha usingizi miaka miwili, ukashuka toka shingoni mpaka visiginoni. Niliokota bua la kuti, lile lenye miiba, nikamchapa nalo mbavuni mpaka lilipokatika. Alikuwa ameshanyamaza. Nilimpiga mara nne baada ya kunyamaza. Nazijua kwa sababu nilizionja mojamoja.

Kisha nikaita watu. "Mwizi!"

Walikuja kutoka mashambani, wakamtambua, wakatazama shina. Mzee mmoja, Revokatus, alilipapasa gome lote kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Iko bila fundo," akasema. "Nduwimana anasahau sana. Hata fenesi alisahau kuvuna mwaka jana." Hakuna aliyenilaumu. Walinipa pole mimi. Fundo lilikuwa mfukoni mwangu, na niliporudi nyumbani nililitupa jikoni likaungua na kuni.

Leonidasi alifika akihema hospitali walikompeleka Nduwimana. Alikuwa amempa Nduwimana ruhusa siku ya Alhamisi, mkungu mmoja kila Ijumaa, kwa sababu watoto wa yule bwana walikuwa saba na upande wake ulikuwa na michikichi mizee. Alikusudia kuja kinuni jioni ileile kunipa habari. Lakini Marcelina alimpigia simu kwamba wavuvi wameleta mukeke mkubwa ajabu, na yeye akasema, habari ya Asmani itangoja kesho.

"Nilikaa nikala samaki," aliniambia, amejishika kichwa. "Ilikuwa Alhamisi, Asmani. Hata siku yangu haikuwa. Nilikaa nikala samaki, na mtu amevunjwa."

Nilimwacha aendelee kujilaumu. Riziki alikuja, akanitazama machoni, akaniuliza jambo moja tu: "Fundo halikuwepo?"

"Halikuwepo."

Akashusha pumzi, akanishika mkono, tukaenda mbele ya Zipora, mke wa Nduwimana, tukapiga magoti wote wawili kama alivyoahidi. Kanga ya Riziki ililowa maji ya sakafuni. Zipora alituinua, akasema murakoze, asanteni, kwamba ni bahati mbaya, na mumewe kweli husahau. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wiki sita zikapita. Nduwimana hakufa. Taya lilifungwa kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija, na jicho moja halikufunguka tena. Kila Jumamosi mimi na Riziki tulimpelekea uji. Leonidasi naye alikuja, na kila alipokuja alikuwa amepungua. Aliacha mukeke. Aliacha bia. Aliacha kuogelea, halafu sukari, halafu kitanda. Alitandika mkeka chini. Nilisikia kwamba darasani aliwaambia wanafunzi kwamba amewafundisha upumbavu mwaka mzima, kwamba raha yoyote, hata ndogo, hata ya halali, inamfanya mtu asimwone mwenzake. Siku moja kinuni, akizungusha nondo kwa mikono iliyobaki mifupa, aliniambia, "Wale wanaofunga na kununa walikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mlafi mwenye maneno."

"Profeseri, ni samaki tu."

"Samaki na taya la Nduwimana, bwana. Pima."

Nilitaka kumwambia ukweli pale pale, nikauona uso wa Riziki mawazoni, nikaendelea kuzungusha. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kwa kujiua polepole kwa kosa ambalo si lake, na kwa kunifanya nimtazame. Alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyejua kufurahi bila kumwumiza mtu, na mimi nilikuwa nimemchukulia hicho pia.

Jumamosi ya saba tulikuwa wote chumbani mle hospitalini: Nduwimana kitandani, Zipora pembeni yake na bakuli la uji, Leonidasi dirishani amesimama kwa sababu alikuwa ameacha hata kukaa, Riziki kwenye kiti, Mariam mgongoni amelala. Waya ulikuwa umelegezwa, na Nduwimana aliweza kutamka. Akaninyooshea mkono.

"Asmani," akasema, meno yamebana. "Unisamehe. Nimefikiri sana, sikumbuki kabisa. Nilisahau fundo. Nimekuletea mashaka wewe na madamu."

Yule niliyemharibia jicho alikuwa ananiomba msamaha, na mkewe anaitikia kwa kichwa. Leonidasi akafunika uso.

Nilimtazama Riziki kwanza. Nilimtazama vizuri, mikono yake, kovu dogo la mafuta kwenye kidole, kwa sababu nilijua namwona kwa mara ya mwisho akiwa mke wangu.

"Hukusahau," nikamwambia Nduwimana. "Fundo lilikuwepo. Mara mbili, ncha ndani. Nililikata mimi."

Bakuli la uji lilibaki hewani mkononi mwa Zipora.

"Uliliona?" Leonidasi akauliza.

"Niliona. Nikamutambua hata yeye, kwa mguu. Nikangoja ashuke."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na njaa. Gunia halikunisaidia hata siku moja, Profeseri, nilikudanganya. Samaki yako haina kosa. Hata ungekuja kuniambia Alhamisi, ningengoja mutu mwingine, siku ingine. Rudi kula."

Leonidasi aliondoka pale dirishani akanijia. Kofi la kwanza lilikuwa kofi la mwalimu, halikuniuma. La pili lilikuwa na mfupa. Kisha akachukua gongo la kutembelea lililokuwa limeegemezwa kitandani, akanipiga nalo begani, akanipiga mdomoni, na jino likavunjika. Sikuinua mkono. Zipora alimfunika mumewe kwa mwili wake. Leonidasi alinipiga nikaanguka, akaendelea, sikioni, mgongoni, akitoa sauti ndogo kila gongo lilipofika, na mimi nikiwa sakafuni nikamwangalia usoni. Macho yalikuwa yameng'aa. Midomo ilikuwa imeachana kidogo. Sikuwahi kuuona uso ule, kwa sababu siku zote nilikuwa ndani yake.

Naye aliona kwamba nimeona. Gongo likasimama juu ya kichwa chake.

"Ni hivi?" akaniuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Ni hivi, Profeseri. Acha sasa. Wewe ungali unaweza."

Alinipiga mara moja tena. Kisha akaliachia gongo kama lililomchoma, akakaa sakafuni karibu yangu, akaitazama mikono yake, akalia.

Riziki alikuwa amesimama. Alikaza kanga iliyomshika Mariam, akafunga fundo vizuri kifuani, akaweka chupa ya uji mezani kwa Zipora. Alimwomba Nduwimana radhi kwa Kirundi, kwa heshima zote. Kwangu hakusema kitu. Alipita juu ya miguu yangu, akatoka mlangoni, nami nikajiburuta mpaka dirishani nikamwona akishika njia ya kwenda kwenye magari ya Bujumbura, ndiyo njia ya Uvira, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Nilimwita. Mdomo ulikuwa umejaa damu na jina lake halikutoka sawasawa. Mariam ndiye aliyeamka mgongoni na kunitazama mpaka walipokata kona.